Luke Kuechly akosa Canton mwaka wa kwanza: misimu 8 haitoshi kuwa gwiji?

Mtaa wa Tryon (Charlotte), 7 Februari 2025

Wakuu, heshima kwenu. Najua humu wengi ni watu wa Simba, Yanga na Arsenal, lakini tupo wachache tunaokesha na mpira wa Kimarekani, na leo nina hasira.

Jana usiku pale New Orleans wametangaza wanaoingia Canton, lile jumba la magwiji wa NFL lililoko Ohio. Wameingia wanne tu: Eric Allen, Jared Allen, Antonio Gates na Sterling Sharpe. Tangu 2005 hakujawa na kundi dogo hivyo. Luke Kuechly, lainibeka wa kati wa Carolina Panthers, alikuwa anapigiwa kura kwa mara ya kwanza. Kafika saba bora, kaishia hapo.

Rekodi kwa wasiomjua: drafti ya 2012 (pale timu zinapogawana chipukizi wa vyuo), chaguo la 9, akitokea Boston College. Mwaka huohuo akawa chipukizi bora wa ulinzi. 2013 akawa mchezaji bora wa ulinzi wa ligi nzima, kijana wa miaka 22. All-Pro (timu ya wachezaji bora wa msimu) kikosi cha kwanza mara 5, Pro Bowl (mechi ya nyota wa ligi) mara 7. Amewaangusha watu zaidi ya mara 1,000 na kunasa pasi 18 za wapinzani. Kisha Januari 2020, akiwa na miaka 28, akarekodi video, akasema bado anatamani kucheza ila moyo wake unamwambia hapana, akaondoka.

Nasikia hoja ya wanaompinga ni kwamba kacheza muda mfupi. Nataka mtu mmoja humu anieleze muda mfupi ni upi.

---

Kigogo Mbuyuni (Dar)

Mkuu, kabla hatujaanza kurushiana maneno, tusaidie sisi wa mpira wa miguu. Huyu lainibeka anafanya nini hasa?

---

Mtaa wa Tryon

Mchukue kiungo mkabaji wa kwetu, yule anayesimama mbele ya mabeki. Mpe na kazi ya kuwapanga wenzake kumi kwa sauti kila mpira unapoanza. Wapinzani wakikimbia na mpira, yeye aende kumwangusha mwenye mpira. Wakirusha pasi, ageuke arudi nyuma kumkaba mpokeaji. Ana sekunde moja kuamua ni lipi kati ya hayo, na akikosea uwanja wote uko wazi nyuma yake.

---

Baltimore Damu (Maryland)

Nimesoma mpaka mwisho nikimtafuta Ray Lewis wa Baltimore Ravens. Hakuna. Huwezi kuzungumzia lainibeka wa kati bila kuanzia Baltimore.

Ray aliingia 1996, akatoka 2013 na pete ya pili ya ubingwa mkononi. Misimu 17! Mchezaji bora wa ulinzi mara mbili, 2000 na 2003, na mchezaji bora (MVP) wa Super Bowl ya 35, yaani fainali ya ligi. Ule ulinzi wa Ravens wa 2000 uliruhusu pointi 165 tu katika mechi 16, hakuna aliyefanya hivyo tangu ratiba ifike mechi 16. Kuechly ni mchezaji mzuri, sikatai. Lakini gwiji ni yule aliyekuwepo wakati wa jua na wakati wa mvua.

---

Mtaa wa Tryon

Ray Lewis hana mjadala, kaingia 2018 mwaka wake wa kwanza na alistahili. Ila tukianza kupima urithi wa mtu mzima mzima, mkuu, kwa Ray itabidi tufungue na faili la Atlanta la Januari 2000. Watu wawili waliuawa kwa visu usiku wa Super Bowl, naye akashtakiwa kwa mauaji. Shtaka hilo likafutwa, akakiri kosa dogo la kuzuia haki, akapewa mwaka mmoja wa uangalizi na ligi ikamtoza dola 250,000. Wapiga kura walisema wanaangalia ya uwanjani tu. Sawa. Basi na kwa Kuechly waangalie ya uwanjani.

---

Baltimore Damu

Hilo la Atlanta wanaloweka kila uzi nimelizoea. Mahakama ilimaliza kazi yake. Turudi kwenye misimu 17 dhidi ya 8.

---

Dhahabu ya Ghuba (Oakland)

Baltimore Damu, hiyo hesabu yako ya miaka ilishakufa mwaka jana. Patrick Willis wa 49ers kaingia Canton 2024. Misimu 8, sawasawa na Kuechly. All-Pro kikosi cha kwanza mara 5, sawasawa na Kuechly. Pro Bowl 7, sawasawa na Kuechly. Tena Kuechly ana tuzo ya mchezaji bora wa ulinzi ambayo Willis hakuwahi kuipata, na ninasema hivyo mimi ambaye Willis ndiye mchezaji wangu wa maisha.

Kama mlimfungulia wa San Francisco, wa Charlotte mnamfungiaje?

Ila nawakumbusha: Willis alistaafu Machi 2015 na alisubiri miaka mpaka 2024. Alipita kwenye meza yao mara kadhaa wakimwacha. Kwa hiyo Tryon tulia, hawa wazee wa kura wana tabia ya kumchelewesha mtu kisha wanampigia makofi.

---

Mtaa wa Tryon

Na usiku huohuo waliomnyima Kuechly wamemwingiza Sterling Sharpe! Mpokeaji wa Green Bay, misimu 7, 1988 hadi 1994, shingo ikamwisha. Terrell Davis kaingia na mechi 78. Gale Sayers mechi 68. Kuechly ana 118. Hoja ya muda mfupi naomba izikwe.

---

Kigogo Mbuyuni

Sasa nimeanza kuelewa. Kwetu sisi ni Marco van Basten. Mechi yake ya mwisho ya ushindani ilikuwa fainali ya Ulaya 1993, Milan na Marseille, ana miaka 28, kifundo cha mguu kimekwisha. Ballon d'Or tatu. Sijawahi kukaa kijiweni nikasikia mtu anasema Van Basten si gwiji kwa sababu hakucheza mpaka 35.

Lakini nina swali. Van Basten alikuwa na makombe. Huyu wenu ana kombe?

---

Baltimore Damu

Hana. Asante Kigogo.

---

Mtaa wa Tryon

Nilijua tutafika hapo. Super Bowl 50, Februari 2016, Denver 24, Carolina 10. Lakini angalieni namna tulivyofungwa. Denver nzima, na kotabeki wao (mrusha pasi) Peyton Manning, walitembeza yadi 194 tu siku ile. Hakuna timu iliyowahi kubeba Super Bowl na yadi chache hivyo. Tachidauni (bao la kuufikisha mpira golini) yao ya kwanza, mlinzi wao Von Miller alimpokonya kotabeki wetu Cam Newton mpira mlangoni kwetu na mwenzake akauangukia golini. Ya pili vilevile, Miller alipokonya, wakaanzia yadi nne kutoka kwenye goli letu. Ulinzi wa Kuechly ulifanya kazi yake. Waliotuangusha ni ushambuliaji. Hata lainibeka mwenzake Thomas Davis alicheza mechi ile na mkono uliovunjika wiki mbili kabla.

Na kama pete ndiyo kipimo, mtoeni Dick Butkus. Tuzo ya lainibeka bora wa vyuo inaitwa kwa jina lake (Kuechly aliichukua 2011). Butkus alicheza Chicago 1965 mpaka 1973, misimu 9, magoti yakaisha, na hakucheza hata mechi moja ya mtoano. Hata moja!

---

Foxborough Mkimbizi (Massachusetts)

Nimekuja kusema jambo moja tu. Tarehe 18 Novemba 2013, Jumatatu usiku, mpira wa mwisho, kotabeki wetu wa Patriots, Brady, anarusha golini kwa mwenzake Gronkowski. Kuechly kamkumbatia Gronk kama ndugu waliopoteana. Bendera ya mwamuzi, ya faulo, ikarushwa. Kisha ikaokotwa, wakasema hamna kitu. Panthers 24, Patriots 20.

Sijasamehe. Endeleeni.

---

Mtaa wa Tryon

Pasi ilikuwa fupi na mwenzake Lester aliinasa mbele. Haikuwa inafikika. Pole lakini.

---

Foxborough Mkimbizi

Haikuwa inafikika kwa sababu ALIKUWA AMESHIKWA.

---

Buda wa Ngong Road (Nairobi)

Wasee, mmetaja malainibeka wote na mmesahau wetu. Daniel Adongo, Mkenya, alitoka raga moja kwa moja, hajawahi kucheza huu mchezo maishani, Indianapolis Colts wakamsajili 2013 na Desemba mwaka huo akaingia uwanjani. Mkenya wa kwanza kucheza NFL. Hakukaa sana, mwili ulimkatalia, lakini aliwafungulia vijana wa raga macho.

Kuhusu Kuechly mimi niko upande wa Baltimore kidogo. Shida yangu si Ray Lewis. Shida yangu ni Bobby Wagner. Drafti moja na Kuechly, 2012, Seattle wakamchukua raundi ya pili, chaguo la 47. Ameshinda Super Bowl ya 48. All-Pro kikosi cha kwanza mara 6. Na huyo jamaa mwezi uliopita tu alikuwa anacheza na Washington fainali ya NFC, nusu moja ya NFL! Msimu wa 13. Ukiniuliza lainibeka wa kizazi kile ni nani, nitakwambia ni aliyebaki.

---

Mtaa wa Tryon

Buda, hoja yako ndiyo ya kwanza iliyonifanya nikae vizuri kwenye kiti.

Wagner ni gwiji na siku yake ikifika ataingia bila jasho. Lakini tusiishie kwenye orodha za tuzo, twende uwanjani.

Katika NFL kuna mlinzi mmoja ambaye kofia yake ina kidoa cha kijani nyuma. Maana yake ndani kuna redio, kocha anaongea naye. Wengi hawajui kwamba redio ile inakatwa saa ya kuanzisha mpira ikifika sekunde 15. Baada ya hapo kocha ni mtazamaji kama mimi na wewe. Zile sekunde 15 ndizo za lainibeka. Kotabeki wa upande wa pili anabadilisha mpango, anamhamisha mtu kushoto, anapiga kelele za uongo, na mlinzi mwenye kidoa lazima azisome na kuwahamisha wenzake kabla mpira haujaanzishwa.

Hapo ndipo Kuechly aliwaacha wote. Alikuwa anawatajia wapinzani mchezo wao. Unamwona ananyoosha kidole, anapiga kelele, walinzi wanasogea hatua mbili, mpira unaanzishwa na unakwenda palepale alipoonyesha. Kwa mwili hakuwa wa kutisha. Wagner ana nguvu zaidi, na kwa kasi Willis alikuwa anaruka kama risasi. Kuechly alifika kwanza kwa sababu alianza kwenda kabla ya wenzake kujua pa kwenda.

Halafu pasi. Zamani lainibeka alikuwa wa kugongana. NFL ya leo ni ya kurusha, na lainibeka asiyeweza kukaba pasi anatolewa nje. Sikukuu ya Thanksgiving 2015 kule Dallas, Kuechly alinasa pasi mbili za Tony Romo mfululizo, mpira kwa mpira, ya kwanza akakimbia nayo mpaka tachidauni. Mtoano ule wa Januari 2016 akanasa dhidi ya Seattle akaenda kufunga, wiki iliyofuata akanasa dhidi ya Arizona akaenda kufunga tena. Wiki mbili mfululizo za mtoano! Na ile ya Seattle, Buda, Wagner alikuwa amekaa benchi la upande wa pili anatazama.

---

Buda wa Ngong Road

Hiyo ya mwisho umenichoma makusudi. Lakini bado unanielezea kilele. Kilele hakuna anayebisha. Mimi nasema urithi ni kilele pamoja na bonde. Wagner amecheza akiwa mzee, mguu mzito, akajifunza kuishi bila kasi. Hilo Kuechly hakuwahi kutuonyesha kama analiweza.

---

Nesi Zamu ya Usiku (Minneapolis)

Kaka zangu, mnazungumza kana kwamba aliamka siku moja akaamua kwenda kuvua samaki. Niruhusuni niseme kidogo kwa sababu hii ndiyo kazi yangu.

Alipata mitikisiko mitatu ya ubongo iliyotangazwa: Septemba 2015, Novemba 2016, Oktoba 2017. Ile ya pili, Alhamisi usiku dhidi ya Saints, dunia nzima iliona. Yuko kwenye kigari, analia kwa kwikwi, hawezi kujizuia. Watu walidhani analia kwa maumivu au kwa uchungu wa mechi. Ubongo ukitikisika, hisia zinaweza kumwagika bila mwenyewe kuzitawala, na kwa sisi wauguzi ile ni dalili. Alikosa mechi zote zilizobaki za msimu huo. Baadaye alianza kuvaa kile kikola cha shingoni kinachobana mishipa kidogo ili damu ibaki nyingi kichwani na ubongo usicheze sana ndani ya fuvu. Mtu anayevaa kitu kama hicho kazini anajua anachokiogopa.

Junior Seau mnamkumbuka? Lainibeka wa San Diego, misimu 20. Alijiua Mei 2012, ubongo wake ulipochunguzwa ukakutwa na CTE, ugonjwa wa ubongo unaotokana na kichwa kugongwa mara nyingi. Aliingia Canton 2015, hayupo. Chuo Kikuu cha Boston 2017 kilichunguza bongo 111 za waliocheza NFL, 110 zilikuwa nao. Natahadharisha: zile zilitolewa na familia zilizokwisha kuona dalili, kwa hiyo msiseme kila mchezaji anao. Na mpaka leo ugonjwa huo unathibitishwa baada ya kifo tu.

Buda, lile bonde unalotaka kuliona lina gharama, na wa kuilipa si wewe.

---

Buda wa Ngong Road

Dada, nimekusikia na nakuheshimu. Sisemi angebaki. Nasema tu tukipanga orodha, aliyefanya kazi miaka 13 na aliyefanya 8 hawalingani. Kuondoka kwake ni uamuzi mzuri kabisa wa maisha. Si lazima kuwe pia pointi ya kumpandisha kwenye orodha.

---

Dhahabu ya Ghuba

Hapa Buda ana hoja ambayo watu wa Panthers hawapendi kuisikia. Nasi kwetu ilikuwa hivyohivyo. Mwezi uleule alioondoka Willis, Chris Borland naye akaondoka, kijana wa miaka 24, msimu mmoja tu, akasema haoni sababu ya kuuhatarisha ubongo wake. Nilimpigia makofi. Lakini sitamweka kwenye orodha ya malainibeka bora.

Tofauti ni kwamba Kuechly alikuwa ameshamaliza kazi kabla hajaondoka. Mwaka 2018, baada ya mitikisiko mitatu, bado alikuwa All-Pro. Hakukimbia kiwango kilichoshuka.

---

Mama wa Bukavu (Charlotte)

Jambo bandugu. Mimi niko hapahapa Charlotte, hii mupira watoto ndio walinifundisha. Niseme kitu kimoja kwa wale wanaangalia tu kwenye televizyo. Kuechly akiangusha mutu, uwanja muzima unafanya "Luuuuuke", mugeni anafikiri wanamuzomea, kumbe ni kumupenda. Hata leo jersi ya 59 iko inavaliwa na batoto bale bakiwa badogo sana wakati anaacha.

Tena mbele ya uwanja kuko sanamu ya Sam Mills. Yeye pia alikuwa lainibeka, mufupi, walisema hatafaa. Aliugua kansa, akaambia wachezaji basiache kupigana, yale maneno yake ndio timu inasema mpaka leo. Sasa huyu Sam Mills alingojea Canton mpaka mwaka wake wa mwisho kabisa, 2022, na alikuwa ameshakufa tangu 2005. Muke wake ndio alisimama kwa nafasi yake. Hapa mutu hashangae kungojea.

---

Mtaa wa Tryon

Mama, shikamoo. Umesema vizuri kuliko mimi niliyeanzisha uzi.

---

Baltimore Damu

Nami namwamkia Mama. Lakini tuelezane na upande wa kanuni, kwa sababu watu wanawatukana wapiga kura bure. Mwaka huu walibadilisha utaratibu. Wanachuja mpaka wabaki saba (Sharpe hakuwa humo, alipita kundi la wachezaji wa zamani), kila mpiga kura anachagua watano, na kuingia lazima ufikishe asilimia 80. Ukiwa na saba wenye sifa zinazokaribiana, kura zinagawanyika na hakuna anayefika. Ndiyo maana hata nafasi tano hazikujaa. Si kwamba walimkataa Kuechly. Mashine yenyewe imebana.

Na waliobaki kwenye saba wanarudi mezani mwakani moja kwa moja: yeye, Vinatieri, Torry Holt na Willie Anderson. Ila mwakani Drew Brees na Larry Fitzgerald wanaingia kwenye kura. Hapo patachimbika.

---

Mtaa wa Tryon

Kwa hiyo hata mtu wa Ray Lewis anakubali angeingia?

---

Baltimore Damu

Nimesema mashine imebana. Mengine usinilishe.

---

Foxborough Mkimbizi, 10 Februari 2025

Mmeona Super Bowl ya usiku? Eagles 40, Chiefs 22. Zack Baun, lainibeka wa Eagles, kanasa pasi ya Mahomes, kotabeki wa Chiefs. Halafu kuna watu huandika kila mwaka kwamba nafasi hiyo imepitwa na wakati.

Naye Baun hakumshika mtu. Natoa taarifa tu.

---

Buda wa Ngong Road

😂😂 Huyu Foxborough atazikwa na ile bendera.

---

Kigogo Mbuyuni

Wakuu, nimefuatilia uzi wote, sasa natafuta mechi za huyu Kuechly nione kwa macho yangu. Nianze na ipi? Na niangalie nini, maana kwangu bado naona watu wanarukiana tu.

---

Mtaa wa Tryon

Anza na Carolina na Seattle, mtoano, Januari 2016. Nusu ya kwanza tu inatosha, tulikwenda mapumziko 31 kwa 0. Ya pili iliisha 31 kwa 24, usiiangalie, itakuharibia siku.

Kisha ile ya Thanksgiving kule Dallas.

Usiufuate mpira. Najua ni vigumu kwa mtu wa soka. Tafuta namba 59 wakati wachezaji wamesimama, mpira bado uko chini. Mwangalie mikono na anapotazama. Akinyoosha kidole upande, simamisha picha, kadiria mpira utakwenda wapi, halafu bonyeza uendelee. Fanya hivyo mara kama kumi uje utuambie umepatia ngapi.

Na ukimaliza, fanya vilevile kwa Wagner mechi hiyohiyo upande wa pili, ili Buda asiseme nimekupikia ushahidi.